Mwaka wa kwanza chuoni: namna ya kuyamudu masomo kabla hayajakuzidi

Kila mwaka, Oktoba na Novemba, stendi ya Mwanhuzi huwa na abiria wa aina yake. Ni vijana wenye mabegi mapya na bahasha ya vyeti mkononi, na pembeni yupo mzazi anayerudia maneno yale yale mpaka dereva apige honi. Wengine hupita Lalago kwenda Shinyanga na Mwanza. Wengine huvuka Daraja la Sibiti kuelekea Singida na Dodoma. Wengine hawashuki mpaka Dar es Salaam. Nyuma ya kila begi kuna kitu kilichouzwa: ng'ombe, magunia ya mtama, pesa ya pamba, au akiba ya mama kwenye kikoba.

Miezi michache baadaye, matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, simu huanza kuingia studio. "Kaka, nina sapu tatu, naogopa kumwambia baba." Wengi wa wanaotupigia si wavivu. Walifaulu vizuri kidato cha sita, na wengine walikuwa vinara wa shule zao. Kilichowaangusha ni kuingia chuoni wakiamini kwamba ratiba iliyobandikwa ukutani ndiyo kazi yote. Ratiba ile inaonyesha kama nusu ya kazi. Nusu nyingine haina kengele wala mwalimu wa zamu, na asiyeijua huishtukia mtihani ukiwa mlangoni.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya kijana anayeanza chuo mwaka huu, na kwa mzazi anayebaki nyumbani. Yasome kwenye simu, yahifadhi, na umtumie mwenzako.

Chuo si sekondari

Sekondari ulikuwa na kengele, mwalimu wa darasa na orodha ya mahudhurio inayoitwa kila asubuhi. Ukikosa siku mbili, nyumbani walijua. Chuoni ulinzi huo unaondolewa kwa siku moja.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mhadhiri angeweza kumjua kila mwanafunzi kwa jina. Leo kozi moja ya lazima ya mwaka wa kwanza katika chuo kikubwa inaweza kuwa na mamia ya wanafunzi ndani ya ukumbi mmoja. Mhadhiri anaingia, anafundisha, anatoka. Usipokuwepo hana namna ya kujua, na hatakutafuta bwenini.

Hilo halina maana kwamba hakuna anayejali. Maana yake ni kwamba kazi ya kukusimamia umekabidhiwa wewe mwenyewe. Uhuru wa mwaka wa kwanza ni mtamu, lakini bili yake huja Februari.

Krediti ni saa za kazi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, kwa hiyo tusome polepole.

Kila kozi utakayosoma ina namba inayoitwa krediti: 8, 10, 12 na kadhalika. Wanafunzi wengi huiona kama namba ya kuandika kwenye fomu tu. Kumbe krediti ni kipimo cha saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo ni zote kwa jumla: mihadhara, semina, maabara, kusoma peke yako, kuandika kazi na kujiandaa na mtihani.

Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120 kwa kawaida. Ndiyo maana shahada ya miaka mitatu huhesabiwa kuwa na krediti zisizopungua 360. Vyuo vya kati vinavyosimamiwa na NACTVET navyo hupima masomo kwa krediti, hivyo hesabu hii inamhusu pia anayesoma astashahada au stashahada.

Sasa tupige hesabu. Muhula mmoja ni krediti 60, na krediti 60 ni saa 600. Muhula una wiki kama 15 za kufundishwa. Gawanya 600 kwa 15, unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili: saa 8 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Tazama ratiba yako. Huenda ukahesabu vipindi vya saa 18 au 20 tu kwa wiki. Ukiona Jumatano huna kipindi chochote baada ya saa 4 asubuhi, utadhani umepewa mapumziko. Hukupewa. Saa 20 zilizobaki ni zako kuzipanga, na mtihani utatungwa kana kwamba umezitumia.

Chukua kozi moja ya krediti 12. Jumla yake ni saa 120. Kama mihadhara ni saa 3 kwa wiki, kwa wiki 15 ni saa 45. Zimebaki saa 75, sawa na saa 5 kila wiki za kusoma kozi hiyo peke yako. Asiyezitoa kidogo kidogo atalazimika kuzilipa zote wiki moja kabla ya mtihani, na kozi nyingine nne nazo zikidai zake. Hesabu hiyo haiwezekani hata ukikesha.

Aliyekulia Meatu analijua jambo hili bila kufundishwa chuoni. Shamba la pamba lisilopaliliwa mapema halisubiri mwenye nafasi. Ukija kulipalilia majani yakiwa yameshafika kiunoni, utatoa jasho mara tatu na mavuno yatakuwa nusu.

Wiki mbili za kwanza

Wiki za mwanzo huonekana za foleni na picha za kumbukumbu. Lakini kuna mambo manne ambayo usipoyafanya wakati huo yatakusumbua muhula mzima.

La kwanza ni kusajili kozi. Kujisajili chuoni na kusajili kozi ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwa na kitambulisho cha mwanafunzi na ukawa umelipa ada, lakini kama kozi haimo kwenye akaunti yako ya mfumo wa chuo, unaweza kuhudhuria na kufanya mtihani halafu matokeo yako yasionekane. Usajili wa kozi una tarehe ya mwisho. Ukimaliza, piga picha ukurasa unaoonyesha kozi zote na uitunze.

La pili ni kupata mwongozo wa kozi. Kila mhadhiri, mara nyingi kwenye mhadhara wa kwanza, hutoa karatasi inayoeleza mada za kila wiki, vitabu vya kusoma, tarehe za majaribio na mgawanyo wa alama. Wanafunzi wengi huiacha kwenye simu bila kuifungua. Tunakushauri uichape steshenari na kuibandika ndani ya daftari la kozi hiyo. Pia jifunze kusoma namba ya kozi. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, DS 112 ni kozi ya masomo ya maendeleo: herufi zinaonyesha fani, na tarakimu ya kwanza inaonyesha ni ya mwaka wa kwanza.

La tatu ni kuzijua kanuni za mitihani za chuo chako. Vyuo vingi vinataka mwanafunzi awe amehudhuria sehemu kubwa ya vipindi, mara nyingi asilimia 75, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Vingine vinaweka pia alama ya chini ya majaribio. Usitegemee alichosema mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa sababu kanuni hubadilika. Soma kitabu chenyewe.

La nne ni saa. Tunalisema kwa sababu lilimpata mmoja wetu, ambaye leo ni mtangazaji. Alipokuwa akisoma cheti cha utangazaji, ujumbe uliingia kwenye kundi la darasa usiku: "Test kesho saa 8." Yeye akasoma saa nane, saa ya mchana, kama tunavyosema nyumbani. Aliyeandika alimaanisha saa 8 ya Kiingereza, yaani saa mbili asubuhi. Mtangazaji wetu alifika saa saba unusu, amevaa shati la pasi, akawakuta wenzake wanatoka kula wakibishana kuhusu swali la tatu. Alama 15 zilikwenda hivyo. Aliomba kurudia jaribio akakataliwa, na kozi ile akaipita kwa tundu la sindano.

Kwa hiyo jiwekee kanuni. Ratiba nyingi za vyuo hutumia saa 24: 07:00 ni saa 1 asubuhi, 13:00 ni saa 7 mchana, 16:00 ni saa 10 jioni. Ukiona ujumbe umeandika saa bila kusema asubuhi au mchana, uliza palepale. Kuuliza si ujinga. Na majaribio yote yaandike kwenye kalenda moja, iwe ya simu au ya karatasi ukutani, kwa saa ya Kiswahili na neno asubuhi, mchana au jioni pembeni.

Ndani ya mhadhara

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Shule za msingi nyingi za kwetu zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na chuoni Kiingereza kinakuja kwa kasi ya mtu anayeongea bila kuandika ubaoni. Kutoelewa wiki ya kwanza ni kawaida. Hatari ni kuona aibu na kunyamaza mpaka wiki ya kumi.

Mambo matatu husaidia. Soma mada ya kesho usiku wa leo, hata kwa dakika 20, ili maneno yake yasiwe mageni kabisa ukiyasikia. Tenga kurasa za nyuma za daftari kwa msamiati: andika neno, maana yake, na maelezo yako mwenyewe kwa Kiswahili. Tatu, kozi ya stadi za mawasiliano ambayo vyuo vingi huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza usiidharau. Humo utafundishwa kuandika insha ya kitaaluma, kunukuu vitabu na kuchukua dondoo, kazi utakazozifanya miaka yote.

Kuhusu kuandika, usijaribu kunasa kila neno. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Walter Pauk, alibuni njia ambayo bado inatumika duniani. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Upande mpana wa kulia andika maelezo unapomsikiliza mhadhiri. Upande mwembamba wa kushoto uache wazi, kisha jioni hiyo uandike maswali ambayo maelezo ya kulia yanayajibu. Chini ya ukurasa andika mukhtasari wa mistari miwili au mitatu. Siku ya kujikumbusha, funika upande wa kulia kwa karatasi na ujaribu kujibu maswali ya kushoto.

Kama hukuelewa, mfuate mhadhiri baada ya kipindi au katika saa zake za kuonana na wanafunzi, ambazo mara nyingi huandikwa mlangoni kwake. Nenda na swali mahususi. "Sijaelewa mada" ni swali gumu kujibiwa. "Sijaelewa kwa nini hatua ya pili imekuja kabla ya ya tatu" litakupa jibu ndani ya dakika tano.

Baada ya mhadhara: usiku wa kwanza ndio wenye thamani

Mwaka 1885 mtafiti wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi gani kimebaki baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba usahaulifu hauendi taratibu na kwa usawa. Sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Somo lenye maana hukaa zaidi ya silabi tupu, lakini tabia ni hiyo hiyo. Ndiyo maana nusu saa ya kupitia daftari jioni ya siku ile ile ina faida kuliko saa tatu baada ya mwezi.

Namna ya kupitia nayo ina uzito. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena. Kundi jingine lilifunga karatasi na kujaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, na waliorudia kusoma kama asilimia 42.

Hapo tunapata funzo. Kusoma daftari mara nne hukupa hisia ya kuelewa, lakini kulifunga na kujiuliza ndiko kunakoyafanya mambo yakae. Mitihani ya miaka iliyopita, ambayo mara nyingi hupatikana maktaba au kwa waliotangulia, ina faida hiyo hiyo. Usiisome tu. Kaa chini, weka saa mbele yako, andika majibu.

Wanafunzi husema "kupiga msuli" wakimaanisha kukesha na kubukua. Kukesha usiku mmoja kunaweza kukuvusha jaribio la alama 10. Hakutakuvusha muhula wenye kozi tano.

Koswek, mtihani wa mwisho na GPA

Alama za kozi hutoka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kazi za muhula: majaribio, kazi za nyumbani, semina na kazi za vikundi. Wanafunzi huziita koswek. Sehemu ya pili ni mtihani wa mwisho wa muhula, maarufu kama UE. Katika vyuo vikuu vingi koswek ni alama 40 na UE ni alama 60, ingawa vipo vinavyogawa tofauti.

Watu huiogopa UE na kuidharau koswek. Fikiri upya. Mwenye 30 kati ya 40 anaingia chumba cha mtihani akiwa na mtaji. Mwenye 14 anaingia akiwa na deni. Na koswek ndiyo sehemu unayoweza kuidhibiti, kwa sababu unaifanya ukiwa na muda, vitabu na watu wa kuwauliza.

Mwisho wa muhula alama hugeuzwa kuwa herufi, na herufi kuwa pointi. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vikuu vingi nchini, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya krediti. Jibu ndilo GPA.

Mfano: mwanafunzi ana kozi tano, kila moja krediti 12. Amepata A, B+, B, B na C. Pointi zake ni 60, 48, 36, 36 na 24, jumla 204. Gawanya kwa 60, unapata 3.4. Katika madaraja ya shahada, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kama ile C moja ingekuwa B, jumla ingekuwa 216 na GPA 3.6. Katika chuo ambacho C huishia alama 49 na B huanzia 50, tofauti hiyo inaweza kuwa alama moja, alama ya kazi ndogo ambayo hukuiwasilisha kwa wakati.

Jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: GPA ya kumalizia shahada hubeba miaka yote, ukiwemo wa kwanza. Ukianza na 2.3, utatumia miaka miwili kujivuta kutoka shimoni.

Kundi, simu na madesa

Kazi za kikundi haziepukiki. Siku ya kwanza ya kikundi andikeni nani anafanya nini na lini analeta, siku tatu kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Usikubali kuwa mtu wa kuandikwa jina tu. Siku ya kuwasilisha mbele ya darasa mhadhiri anaweza kumwita yeyote.

Kundi la darasa la WhatsApp ni la lazima, lakini ni soko. Kati ya ujumbe 300 wa siku, mmoja unaweza kuwa wa kubadilisha chumba cha mtihani. Unaposikia tangazo zito, lithibitishe kwa kiongozi wa darasa, ambaye wanafunzi humwita CR, au kwenye ubao wa idara. Ukifika chuoni chukua namba ya CR siku ya kwanza. Vitini vipakue ukiwa kwenye intaneti ya chuo ili usile bando lako, na tunza nakala mahali pengine nje ya simu. Simu huibiwa, na huanguka majini.

Kuna pia madesa, yaani nakala na muhtasari wa waliotangulia. Madesa ni msaada mzuri ukishasoma mwenyewe, na ni mtego ukianza nayo. Makosa ya mwenye daftari huyarithi, na kozi ikibadilishwa unabaki na mada za mwaka juzi. Na usiwasilishe kazi ya mwingine kama yako, iwe imetoka kwa rafiki, intaneti au programu ya akili mnemba. Vyuo vingi vina programu za kugundua kazi iliyonakiliwa, na adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa matokeo.

Ukiumwa, au kukitokea msiba

Hapa wengi wa kwetu huumia bila sababu. Simu inapigwa: babu amefariki, njoo. Kijana anapanda basi usiku huohuo. Anarudi baada ya siku kumi akiwa amekosa majaribio mawili, na hana karatasi yoyote ya kumtetea.

Kwenda kuzika ni haki na ni utu wetu. Lakini kabla ya kupanda basi, toa taarifa. Omba ruhusa kwa maandishi kwa mkuu wa idara au ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na ubaki na nakala. Kama muda hautoshi, tuma ujumbe au barua pepe njiani na umweleze CR. Ukiumwa, nenda kwenye zahanati ya chuo au hospitali na uchukue cheti siku hiyohiyo. Cheti cha baada ya mtihani hutiliwa shaka.

Kama tatizo ni kubwa, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani, muhula au mwaka. Huombwa mapema, kwa barua na vielelezo. Aliyeahirisha kwa ruhusa ana nafasi ya kurudi. Aliyetoweka huhesabiwa kuwa ameacha au ameshindwa.

Ukiona maji yamefika shingoni

Ukifeli kozi, kwa kawaida hupewa mtihani wa marudio, yaani sapu. Sapu si aibu ya kuficha, lakini ina gharama: mara nyingi huwezi kupata zaidi ya C hata ukijibu vizuri, na hufanyika wakati wenzako wako likizo. Ukifeli kozi nyingi, au GPA ikishuka chini ya kiwango cha chuo, unaondolewa masomoni. Wanafunzi huita kudisko.

Kwa mwenye mkopo hatari ni mara mbili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, humpa mkopo mwanafunzi anayeendelea baada ya kuona amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Asiyefaulu anaweza kupoteza bumu pamoja na mwaka. Na ukidisko, pesa uliyokwishapokea haisamehewi. Ni deni.

Kwa hiyo usisubiri matokeo. Alama zako ni za kuangaliwa kwenye wiki ya sita au ya saba, majaribio ya kwanza yakirudi. Ukiona chini ya nusu katika kozi yoyote, fanya mambo matatu wiki hiyohiyo: mwone mhadhiri na karatasi yako, tafuta wenzako wawili au watatu wanaoielewa kozi msome pamoja, na iongezee kozi hiyo saa mbili kwa wiki. Kama kinachokusumbua si masomo bali njaa, ada, ugonjwa au msongo, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ipo kwa ajili hiyo.

Kwa mzazi aliyebaki Meatu

Mzazi, mwanao hayupo likizo. Ana kazi ya saa 40 kwa wiki, ila haionekani. Muulize tarehe za majaribio na mitihani, uziandike ukutani karibu na kalenda ya mnada. Mitihani ya muhula wa kwanza huangukia zaidi kati ya Februari na Machi, na ya muhula wa pili mwezi Julai, kila chuo kwa kalenda yake. Katika wiki hizo, ugomvi wa mipaka ya shamba na madeni ya kikoba usimpelekee kwenye simu kama unaweza kusubiri siku kumi.

Badala ya kuuliza "masomo yanaendaje?", ambalo hujibiwa "vizuri tu, baba", uliza "koswek yako ni ngapi kati ya 40?" Hata kama hukusoma, swali hilo lina jibu la namba. Na akikwambia ana sapu, usianze na matusi. Anayeogopa kusema ndiye anayetupigia sisi usiku, wakati wa kumsaidia ukiwa umeshapita.

Kazi ya jioni ya leo

Kama umeshapata kozi zako, chukua karatasi. Andika kila kozi na krediti zake, kisha zidisha kwa 10. Toa saa za mihadhara za muhula mzima. Kinachobaki kigawe kwa wiki 15. Namba utakayoipata ndiyo saa unazodaiwa na kozi hiyo kila wiki. Zipangie siku na mahali kwenye ratiba yako, uzichukulie kama kipindi chenye mhadhiri mkali, na uache siku moja ya kupumzika na kuabudu.

Tunawatakia masomo mema wanetu na wadogo zetu wote, walio Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko. Mkirudi likizo, pamba ikiwa juu ya mizani, piteni studio mtueleze.